Nilimwambia Saa 5, Nikafika Saa 7 na Dakika 20

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia nikiwa na aibu iliyonikaa moyoni mwaka mzima. Kuna ujumbe mmoja kwenye simu yangu nimeuandika mara tatu na kuufuta mara tatu, na kabla sijauandika mara ya nne naomba unisikilize.

Nina rafiki yangu wa tangu shuleni. Mwaka jana alinishawishi tukimbie pamoja mbio za kupokezana za milimani. Ni mbio ndogo, za watu wanaojuana. Hakuna medali, hakuna vipaza sauti, njia haina alama. Unapewa ramani na unajitegemea. Timu zilikuwa 14, kila timu watu wawili. Njia nzima ni kilomita 56, kwa hiyo ukiijumlisha ni ultramarathoni, ila kila mmoja anakimbia kipande chake. Kipande cha kwanza ni kilomita 30 zenye kupanda mita 1,600, na kinaishia kwenye kituo cha kupokezana kilicho juu kabisa, mgongoni mwa mlima. Cha pili ni kilomita 26, kupanda mita 1,200 na kushuka mita 1,800. Hata kijiti hakuna. Mnagusana viganja, mzee mmoja anaandika saa kwenye daftari, basi.

Mimi nilipewa kipande cha kwanza, na mbio zilianza saa 12 asubuhi. Usiku wa kuamkia siku ile rafiki yangu aliniuliza nitamfikia saa ngapi. Nikapiga hesabu papo hapo: kilomita 30, kila moja dakika 10, jumla dakika 300. Nikamwambia, "Saa 5 kamili nitakuwa pale." Nilisema bila kusitasita.

Nilifika saa 7 na dakika 20.

Mpaka kilomita ya 18 nilikuwa vizuri. Sikula kitu kwa sababu sikuhisi njaa. Kisha ukaja mteremko mrefu, mapaja yakaanza kutetemeka, na chini ya mteremko misuli ikanibana nikashindwa kunyoosha mguu. Mkimbiaji mmoja akanipa vidonge viwili vya maumivu, nikavimeza. Mlima wa mwisho niliupanda nikishikilia mawe.

Lakini, Shangazi, kuchelewa kwenyewe ningekusahau. Kinachonirudia ni nilichokikuta pale juu. Kwa kuwa nilisema saa 5, ilipokaribia saa 5 rafiki yangu alivua koti lake zito, akalitia kwenye begi, akasimama kwenye kona ya njia na fulana yake ya kukimbilia. Ukungu ulikuwa umeshuka na upepo unavuma. Alisimama hivyo zaidi ya saa nzima, akiamini kwamba natokea sasa hivi. Alipokata tamaa na kulivaa tena, mwili ulikuwa umeshapoa. Tulipogusana viganja, chake kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Akajaribu kufungua zipu ya koti, vidole vikakataa kuikamata. Nikamfungulia mimi. Akalivua, akanivika, akasema, "Wewe umelowa jasho," akaondoka. Siku ile giza liliingia saa 12 na nusu. Yeye alimaliza saa 1 usiku.

Hajawahi kulalamika hata siku moja. Koti lake bado linaning'inia nyuma ya mlango wangu. Sijalirudisha, na yeye hajaliulizia.

Sasa zimebaki wiki 9 na ametuandikisha tena, hata hakuniuliza. Safari hii anataka tubadilishane: yeye achukue kipande cha kwanza, mimi cha pili. Naona kabisa amenionea huruma akanipa kilicho kifupi. Kwenye mlima wetu wa mazoezi, kilomita 18 zenye kupanda mita 900, mimi hutumia saa 3 na dakika 36. Yeye hutumia saa 2 na dakika 55. Anastahili mwenzake wa kasi yake. Ule ujumbe unasema goti limeanza kuniuma na kwamba atafute mtu mwingine. Goti langu ni zima. Je, niutume?

Ni mimi,
Mwenye koti lisilo lake

*

Marahaba, mwanangu.

Usiutume. Ile saa 5 uliyomwambia mwaka jana ilikuwa kosa la hesabu, na kosa la hesabu lina dawa. Hili la goti litakuwa uongo, tena kwa mtu aliyekuvika koti lake huku mwenyewe anatetemeka.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila nikiisoma naona unajishtaki kwa kosa ambalo si lako. Unasema wewe ni mzito, yeye ni mwepesi, basi humfai. Lakini hebu tazama ni nini hasa kilichomgandisha rafiki yako pale juu. Alivua koti saa 5 kwa sababu wewe ulisema saa 5. Ungemwambia saa 7, angejikunyata nyuma ya mwamba na koti lake, akala, akapumzika, na ungemkuta ana joto hata kama ungefika dakika ileile uliyofika. Kasi ingekuwa hiyohiyo, ila saa uliyomtajia ingekuwa nyingine. Kwenye mbio za wawili, mwenzako hakudai kasi usiyokuwa nayo. Anakudai saa ya kweli, kwa sababu hiyo ndiyo anayovaa, anayokula na anayojipanga nayo.

Mimi nimewahi kumsubiri mwenzangu mlimani kwa saa 3. Tulipoagana asubuhi aliniambia, "Usinitazamie kabla ya saa 8." Nikavua viatu, nikaingia ndani ya mfuko wa kulalia, nikasinzia. Alitokea saa 8 na nusu, nami nilikuwa nimeshafunga kamba za viatu na nimetafuna kitu. Saa 3 zile sikumbuki kuwa nilipata taabu yoyote. Rafiki yako aliteseka kwa sababu kila dakika alikuwa anaambiwa, na wewe, kwamba ni dakika ya mwisho.

Sasa njoo kwenye hesabu yako. Ulizidisha kilomita kwa dakika ukauacha mlima nje. Wakimbiaji wengi wa milimani huhesabu hivi: kila mita 100 za kupanda zichukulie kama kilomita moja ya ziada. Mlima wenu wa mazoezi ni kilomita 18 na kupanda 900, kwa hiyo ni 18 jumlisha 9, yaani 27. Wewe unatumia dakika 216, ukigawa unapata dakika 8 kwa kila kilomita ya namna hiyo. Kile kipande cha mwaka jana kilikuwa 30 jumlisha 16, yaani 46. Zidisha kwa 8: dakika 368, saa 6 na dakika 8. Ongeza asilimia 15 ya uchovu, kusoma ramani na kusimama kujaza maji, unafika saa 7 na dakika 3. Umeona? Mwili wako ulikuwa unajua utafika saa ngapi. Hukumuuliza tu.

Na kama unadhani ulitambaa, kuna kanuni ya zamani ya Mskoti aitwaye William Naismith, mpanda milima, aliyoitoa mwaka 1892. Mtembeaji ajipe saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, na saa moja nyingine kwa kila mita 600 hivi za kupanda. Kwa njia yako ile ni saa 8 na dakika 40, bila mapumziko. Ulimpita mtembeaji huyo kwa saa nzima na dakika 20 ukiwa na tumbo tupu na misuli imebanwa. Sikwambii ili nikufariji. Ndivyo namba zinavyosema.

Turudi kwa rafiki yako, maana hapo ndipo naona hukumwelewa. Unasema amekupa kipande kifupi kwa huruma. Mimi sioni huruma hapo, naona amefikiri. Kwanza, kushuka mita 1,800 si zawadi. Pili, piga hesabu ya mpango wake. Yeye kwenye mazoezi anakwenda dakika 6 na nusu kwa kilomita ya namna ile, na 46 mara 6 na nusu ni dakika 299. Akitoka saa 12 asubuhi, na siku ikimwendea vizuri, anafika mgongoni mwa mlima karibu na saa 5. Kipande chako ni 26 jumlisha 12, yaani 38. Kwa mwendo wako ni dakika 304, na ukiongeza ile asilimia 15 ni saa 5 na dakika 50. Utamaliza saa 11 kasoro dakika 10 jioni, jua lingalipo. Mwaka jana mlimaliza gizani. Na zaidi ya hapo, atakayekusubiri safari hii atakusubiri kwenye mstari wa mwisho, chini, si kwenye upepo. Nadhani hivi ndivyo alivyochagua kukwambia kwamba kule juu kulimuumiza. Hakulalamika, ila amebadilisha mpango. Na amekuandikisha wewe, ilhali alikuwa na mwaka mzima wa kumtafuta mtu mwingine.

Ila naye lazima umuulize swali alilokuuliza yeye: "Nikutazamie saa ngapi?" Zile dakika 299 hazina uchovu ndani yake. Akiongeza asilimia 15 kama wewe, inakuwa saa 6 kasoro robo. Basi wewe utamaliza karibu saa 11 na dakika 35, bado kabla ya giza, lakini ukingo ni mwembamba. Beba tochi ya kichwani yenye betri mpya, na usiingie kwenye hoja ya uzito wake.

Zile hesabu zina kasoro moja: hazihesabu kushuka. Kwa hiyo wiki 9 hizi, fanya kazi kwenye mteremko kuliko mahali pengine popote. Unaposhuka, misuli ya mbele ya mapaja inavutwa huku imebeba uzito wako, kila hatua, na hiyo ndiyo inayoichana kwa ndani. Ndiyo maana maumivu hufika kileleni siku moja hadi tatu baadaye. Habari njema ni kwamba misuli ikishapigwa mara moja kwa namna hiyo, inajijenga na kuhimili zaidi kwa wiki kadhaa zinazofuata. Tafuta mteremko mrefu, anza na mita 300 za kushuka, na kila baada ya siku 7 hadi 10 ongeza. Mara ya mwisho iwe wiki 2 kabla ya siku yenyewe. Hatua ziwe fupi na za haraka, usiegemee nyuma, na macho yatangulie hatua chache mbele ya miguu. Watu wengi hukanyaga breki kila hatua kwa kuogopa kuteleza, na breki hizo ndizo zinazomaliza mapaja. Mapaja yako yalianza kutetemeka mwaka jana kwa sababu hii, pamoja na njaa.

Njaa, ndiyo. Mlimani usingoje kuihisi. Ukikimbia kwa saa nyingi, mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na kuanzia nusu saa ya kwanza, wakati bado unajiona simba. Weka saa ikulilie kila baada ya dakika 25 na utafune, hata tonge moja. Maji kunywa kwa kiu. Usijilazimishe chupa juu ya chupa, maana maji mengi kupita kiasi hupunguza chumvi kwenye damu na yamewahi kuua wakimbiaji wenye afya njema.

Kuhusu vile vidonge, nakuomba kama mwanangu: usirudie. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofen, zikimezwa na mtu aliyekaukiwa maji na ambaye misuli yake tayari inachanika, zinaweza kuumiza figo. Na kidonge usichojua jina lake, ulichopewa na mtu njiani, hujui ni cha jamii gani. Misuli ikibana simama, inyooshe taratibu, kula, kunywa, tembea. Utachelewa dakika 20, na dakika 20 mwenzako atakuwa ameshaziweka kwenye hesabu.

Maana hilo ndilo nitakalo mfanye wote wawili: msipeane saa moja, mpeane tatu. Ya kwanza ni ya mapema kabisa, ya pili ni ile mnayoitarajia, ya tatu ni ya kuhofia. Kwa upande wako, akikugusa kiganja saa 5, useme saa 10 ndiyo mapema kabisa, saa 11 kasoro dakika 10 ndiyo matarajio, na ikifika saa 12 jioni hujaonekana aende kwa waandaaji awaambie. Akichelewa kukufikia, zote tatu zinasogea kwa kiasi hichohicho. Ziandikwe kwenye karatasi, kila mmoja na nakala yake. Kwenye mbio zisizo na alama wala watu njiani, saa hiyo ya tatu ndiyo inayookoa mtu. Na kila mmoja abebe filimbi: mipulizo 6 ndani ya dakika moja, kimya dakika moja, kisha rudia, ndiyo ishara ya kuomba msaada milimani. Ukijibiwa kwa mipulizo 3, umesikika.

Sasa jambo ambalo nahisi hujalitambua bado. Mkibadilishana, anayesubiri mgongoni mwa mlima ni wewe.

Basi jifunze kusubiri, kwa sababu nayo ni sehemu ya mbio. Kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua takribani nyuzi 6 na nusu, na upepo huongeza ubaya wake. Fika mapema, vua nguo yoyote iliyolowa jasho la kupandia na uvae kavu. Usikalie jiwe tupu, linanyonya joto; tandika mkeka mdogo au kalia begi. Kula kidogo kidogo. Koti usilivue kwa kuangalia saa. Livue ukimwona yeye kwa macho yako, na kama kona iko karibu mno, mwambie apulize filimbi mara moja akiikaribia. Kutetemeka kidogo si hatari, amka uchezeshe mwili. Ila vidole vikishindwa zipu kama vyake vilivyoshindwa, ulimi ukawa mzito, hatua zikayumba, hapo mwili umeanza kushindwa na baridi, na mtu hatakiwi kuanza kukimbia peke yake akiwa hivyo. Mwaka jana mlibahatika. Siku nyingine mkikutana katika hali ile, kaeni wote wawili chini ya koti moja kwanza mpaka vidole virudi, hata kama yule mzee ameshaandika saa kwenye daftari.

Yote haya hayatakusaidia usipomwambia ukweli wa mwaka jana. Huhitaji maneno mengi. Usianze na kuomba radhi kumi, utamlazimisha akubembeleze, na kazi ya kukubembeleza si yake. Ningekuwa wewe ningeandika hivi: "Mwaka jana nilikwambia saa 5 bila kuuhesabu mlima, na wewe ukaganda kwa ajili yangu. Nimeuhesabu sasa. Nakubali kipande cha pili. Nitakuja na karatasi ya saa zangu tatu, na wewe njoo na zako."

Akijibu kwamba muda si kitu, usibishane naye. Mletee karatasi hivyohivyo.

Na lile koti usimpe mtu amfikishie. Lifue, mpelekee mwenyewe, kisha mwombe akuazime tena kwa siku ile, maana utalihitaji kule juu.

Shangazi